Fundi Anajibu: Sultani alilala wapi, Beit al-Ajaib au Beit al-Sahel?

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi uliopita nilivuka kuja Unguja kwa harusi ya mdogo wangu, na kesho yake jioni tukaenda kupunga upepo Forodhani. Kijana mmoja anayetembeza wageni alituonesha Beit al-Ajaib, akasema hapo ndipo alipokuwa akiishi Sultani. Dereva wetu, mzee wa Malindi, akakataa katakata: hakuna Sultani aliyelala mle, ilikuwa nyumba ya shughuli tu. Walibishana mpaka urojo ukapoa. Nani mkweli?
Dada wa bibi harusi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi. Dereva wenu ndiye aliye karibu na ukweli, ila yule kijana naye hakusema uongo mtupu.

Ukisimama Forodhani ukaipa bahari mgongo, Beit al-Ajaib, maana yake nyumba ya maajabu, iko mbele yako, na mkono wako wa kushoto, ukifuata barabara ya Mizingani, kuna jumba jeupe la ghorofa lenye meno meno juu ya ukuta kama ngome. Hilo ndilo Beit al-Sahel, maana yake nyumba ya pwani. Huko ndiko walikolala watu. Sayyid Said bin Sultan alilijenga la kwanza alipokuwa akihamishia maisha yake Unguja, miaka ya mwisho ya 1820 na mwanzo wa 1830. Beit al-Ajaib ilikuja nusu karne baadaye. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya heshima na fahari: kupokea mabalozi, karamu, baraza za sikukuu. Kula, kulala, kuugua na kujifungua, hayo yote yalikuwa nyumba za jirani.

Nasema nyumba za jirani kwa sababu zilikuwa mbili. Baina ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel palikuwa na Beit al-Hukm. Leo ukipita hapo unaona bustani tu. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kufariki Sultani Hamad bin Thuwaini, manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba haya kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameingia kasrini akajitangaza Sultani bila ridhaa yao. Saa tatu asubuhi muda waliompa ukaisha, na kabla ya saa nne bendera ilikuwa imeshuka. Dakika 40 hazikutimia, na upande wa Khalid watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm ikawa kifusi, Beit al-Sahel ikaharibika vibaya ikabidi ijengwe upya, na Beit al-Ajaib, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Kilichokwenda ni mnara wa taa uliokuwa umesimama mbele yake.

Hapo sasa ndipo yule kijana anapopata haki yake. Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kwenye kiti baada ya mizinga, alikaa ghorofa ya juu ya Beit al-Ajaib mpaka alipofariki mwaka 1902. Kwa hiyo Sultani mmoja alilala mle, kwa sababu nyumba ya kulala ilikuwa imevunjwa. Kuanzia 1911 Beit al-Ajaib ikawa ofisi za serikali ya Waingereza, na Sultani mpya wa mwaka huohuo, Sayyid Khalifa bin Harub, akaishi Beit al-Sahel, hilo lililojengwa upya. Alitawala mpaka 1960, karibu miaka 50. Wengi wetu wazee, mtu akitutajia Sultani, anayetujia ni yeye. Baada yake akaja mwanawe Abdullah, kisha mjukuu wake Jamshid, ambaye aliondoka Unguja Januari 12, 1964, siku ya Mapinduzi. Tangu 1994 Beit al-Sahel ni makumbusho.

Mara ya kwanza kuingia baada ya kufunguliwa, mimi nilikwenda kutazama kuta, kazi yangu ndiyo hiyo. Lakini kilichonisimamisha ni kabati la fomeka, yale mabamba magumu ya plastiki. Kabati la fomeka, lile lile lililokuwa majumbani mwa watu waliojiweza miaka ya hamsini, limekaa chumbani kwa wafalme jirani na viti vya nakshi na meza za mpingo! Nilisimama hapo muda mrefu. Nikaona kwamba hawa walikuwa watu wenye nyumba, waliopenda kitu kipya kilichotoka dukani kama tunavyopenda sisi, na mapenzi yangu kwa jumba lile yakaanzia kwenye kabati hilo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Mwalimu wetu alisema vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba kama korido, lakini picha za Beit al-Ajaib zinaonesha kumbi kubwa. Waliwezaje? Na hayo maajabu ni yapi hasa?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Umeuliza swali ambalo mimi niliuliza mwaka 1974, nina miaka 15, nimebeba karai la udongo kichwani, na maalim wangu wa uashi akanijibu kwa kunirushia kipande cha boriti miguuni. "Pima," akasema. Nikapima kwa hatua. Hatua tatu za mtoto mrefu.

Jibu lote limo humo. Nyumba ya mawe ya pwani hupimwa kwa mti. Boriti ni mkoko, wa Rufiji au wa Lamu, mti mgumu mno, haupendwi na mchwa, lakini kimo chake kinachofaa kubeba dari ni kama mita 2.5 hadi 3. Ukizidisha, unapinda. Basi hata uwe tajiri namna gani, chumba chako kitakuwa na urefu unaoutaka lakini upana utakaopewa na mkoko. Ndiyo maana nyumba za Lamu, Pate, Mombasa na Mji Mkongwe zina vyumba virefu vyembamba vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine. Mwalimu wako amesema kweli, na natumaini alikuelezeni kwamba wale mafundi hawakukosa akili ya kujenga vipana. Walikuwa wanautii mti.

Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha chokaa na kokoto, kisha hupondwa. Dari bapa la nyumba kubwa lilipondwa kwa siku nyingi mfululizo, watu wamejipanga safu na vigongo vyao, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Bibi yangu alizijua baadhi ya nyimbo hizo. Dari iliyopondwa vizuri haipitishi maji miaka mingi, na iliyopondwa ovyo huijua masika ya kwanza.

Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene nusu mita au zaidi. Chokaa ilichomwa papa hapa: magogo ya minazi yanapangwa duara, mawe yanarundikwa juu, moto unatiwa, na kinachobaki kinazimwa kwa maji. Ukuta huo mnene ndio unaokupa baridi ile unayoisikia ukitoka juani ukaingia ukumbini.

Sasa tazama alichofanya Barghash. Alikuwa amekaa Bombay uhamishoni kabla ya kutawala, na mwaka 1875 alikwenda Uingereza na Ufaransa akaona mengi. Alirudi na hamu ya kujenga, na huyu hakuwa mtu wa hamu tu. Ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi ya Chemchem, ndiye aliyejenga bafu za Hamamni na kasri la Maruhubi. Katika Beit al-Ajaib akaleta chuma. Nguzo ndefu za chuma cha kusubu zilizobeba roshani pande zote nne, ghorofa kwa ghorofa. Na ndani, mihimili ya chuma na zege badala ya boriti. Ramani yake husemwa ilichorwa na mhandisi wa meli Mwingereza, nami naliamini hilo nikizikumbuka zile roshani, kwa sababu zilikaa kama sitaha. Ulipokuwa ukisimama juu kabisa, mbele yako ilikuwa bahari.

Kwa hiyo ukumbi ukapanuka. Katikati ukawekwa uwazi mkubwa uliofunikwa juu, na vyumba vikauzunguka ghorofa zote. Sakafu za marumaru zililetwa kwa meli kutoka Ulaya. Milango lakini ikabaki yetu: mbao nzito za nakshi zenye aya za Kurani zilizopakwa dhahabu. Mimi ukiniuliza, uzuri wa nyumba ile uko hapo, kwamba mtu alichukua chuma cha ugenini na hakuona haya kuweka mlango wa kwao.

Na maajabu? Ilikuwa nyumba ya kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Mnara wa saa uliokuwa mbele haukuwa na umri wa nyumba. Uliongezwa mwaka 1897, baada ya ule mnara wa taa kuvunjwa na mizinga. Ile mizinga miwili ya shaba uliyoiona pichani mlangoni ni ya Wareno. Waajemi waliwanyang'anya Wareno hao Hormuz, kisiwa cha Ghuba ya Uajemi, mwaka 1622, na mzinga mmoja una maandishi ya Kiajemi.

SWALI: Asalaam aleikum. Bibi yangu alizaliwa Unguja, akafia huku. Alikuwa akisema wanawake wa kasri walivuka kutoka nyumba moja hadi nyingine "kwa hewani". Tulimcheka. Tulimkosea?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikumu salaam warahmatullah. Mlimkosea, Mungu amrehemu. Baina ya Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib kulikuwa na vipito vya juu vilivyofunikwa, madaraja hasa, yaliyofungwa ghorofani. Bibi wa kasri aliweza kutoka chumbani kwake, akahudhuria shughuli Beit al-Ajaib, akarudi, na mpita njia wa chini asijue.

Aliyetuachia habari nyingi za maisha ya ndani ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Alizaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, kasri jingine la pwani, kaskazini ya mji. Mwaka 1866 aliondoka kisirisiri, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasimulia ua wa Mtoni wenye tausi, paa, mbuni na heroe waliotembea wenyewe, na baraza ya duara iliyotazama bahari ambapo baba yake alinywa kahawa. Kwa hesabu yake watu wa nyumba ile walikaribia elfu moja. Beit al-Sahel aliipenda zaidi kwa sababu ilikuwa changamfu: chini uani ng'ombe wanachinjwa na vyakula vinapikwa, juu roshani zinatazama bandari na majahazi.

Na tuseme lililo kweli. Elfu hiyo haikuwa ya ndugu na wake tu. Wengi wao walikuwa watumwa, waliobeba maji, waliopika, waliolea watoto. Mawe yale ya matumbawe hayakujipandisha yenyewe ghorofani, na karafuu iliyolipia marumaru ilichumwa kwa mikono yao. Mimi ninapogusa ukuta wa kasri nawakumbuka hao kwanza, kwa sababu ni mafundi na vibarua kama sisi, na hakuna chumba cha makumbusho chenye vitanda vyao.

Sayyid Said mwenyewe alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman, akazikwa hatua chache tu kutoka Beit al-Sahel. Mwambie mjukuu yeyote wa bibi atakayekuja Unguja apite hapo amsomee Fatiha na bibi yake pamoja.

SWALI: Fundi, nyumba iliyohimili mizinga ya manowari ilishindwaje kuhimili kusimama tu? Naomba jibu la fundi, si la mwanasiasa.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Tarehe 25 Desemba 2020 nilikuwa nyumbani nakula chakula cha mchana kijana wangu alipopiga simu. Hakuniambia neno, aliniwekea simu nisikie makelele ya watu. Upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, na mnara wa saa wote, ulikuwa umelala chini. Watu wawili waliokuwa kazini walikufa. Nyumba ilikuwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Nilikwenda jioni nikasimama mbali, na sioni haya kusema nililia. Nililia kwanza wale wawili. Kisha nikalia zile roshani.

Jibu la fundi ni hili. Mzinga hutoboa, ukuta wa nusu mita ukabaki na tundu. Maji hayatoboi, yanaingia. Nyumba hii ilianza kutupigia ukelele mapema. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na baadaye kidogo paa nalo likaachia sehemu yake, makumbusho yakafungwa. Chuma kilichomsaidia Barghash kupanua ukumbi, kikikaa miaka mia na zaidi kwenye upepo wa chumvi bila kupakwa rangi na bila kuzibwa nyufa, hula kutu. Na kutu huvimba. Mhimili uliokuwa mwembamba ndani ya zege huwa mnene, zege hupasuka, maji yanapata njia, yanashuka mpaka kwenye chokaa na udongo wa ukuta, na udongo ule ukilowa hurudi kuwa udongo. Ukuta ukikaa hivyo, nje unaonekana mweupe, mzuri, unapigwa picha. Ndani hakuna kinachoshika jiwe na jiwe.

Boriti ikioza unaitoa, unatia nyingine, gharama yake haifiki mbali. Mhimili wa chuma uliopita ukumbi mzima hautolewi hivyo. Nyumba iliyokuwa na nguvu kupita zote ndiyo iliyohitaji kutazamwa kila mwaka kupita zote, na hilo halikufanywa kwa miaka mingi sana, chini ya wakubwa wa zama mbalimbali.

SWALI: Babu ametuachia nyumba ya mawe pwani, Lamu. Chumvi inatoka ukutani na rangi inabanduka kila mwaka. Fundi wa huku anasema tubomoe lipu yote tupige ya saruji nzito, itatulia. Tumekusanya pesa tayari. Tumsikilize?
Wajukuu watatu, Lamu

JIBU: Wajukuu zangu, zuieni pesa hiyo leo hii. Nimesoma barua yenu usiku, asubuhi nimeiandikia majibu kabla ya nyingine zote, ingawa gazetini imewekwa mwisho.

Saruji itatulia mwaka mmoja, pengine miwili, nanyi mtamsifu fundi. Lakini ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka chini na kutoka baharini, na lazima uutoe. Chokaa inauruhusu kutoka. Saruji inauzuia. Basi unyevu unapanda juu kutafuta njia, unaikuta ncha ya boriti iliyozama ndani ya ukuta, unaiozesha mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka wa tano au wa sita lipu ya saruji itaanguka kwa bamba zima na itatoka na mawe. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ya Shangani iliyofanyiwa hivyo. Mwenye nyumba alinionesha ufa mdogo, nikagonga dari kwa shoka, na mkono mzima ukazama katika boriti iliyokuwa unga. Watoto walikuwa wanalala chini yake.

Fanyeni hivi. Kwanza tafuteni maji yanatoka wapi: dari, mfereji wa paa, shimo la choo, udongo uliorundikana nje ya ukuta kupita usawa wa sakafu. Nusu ya tabu itaishia hapo. Pili, nendeni ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapo Lamu, maana mji wenu ni urithi wa dunia tangu 2001 na nyumba kama hiyo haiguswi bila wao. Huko watawaelekeza pia kwa mafundi wanaoijua chokaa. Tatu, bandueni lipu mbovu kwa mkono, si kwa nyundo kubwa, muuache ukuta wazi ukauke, hata ukichukua kaskazi nzima. Chumvi itakayotoka ifagieni kwa brashi kavu, msiioshe, mkiiosha inarudi ndani.

Kisha lipu ya chokaa iliyozimwa na kulazwa shimoni miezi kadhaa, fungu 1 la chokaa kwa 3 za mchanga. Mchanga wa bara, si wa ufuoni. Ipigeni nyembamba, mara mbili au tatu, na kila tabaka lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa lisikaushwe na jua. Rangi ya mwisho iwe chokaa nayo, si rangi ya mafuta.

Anzeni na chumba kimoja, kile kinachotazama bahari. Mkifika kwenye vichwa vya boriti, chomeni kila kimoja kwa bisibisi: ikigoma, kiacheni, ikiingia, wekeni alama ya mkaa, pigeni picha, kisha mniandikie mna alama ngapi kabla hamjatoa hata moja.